Sculpey Premo kwa tembo mdogo wa zawadi: imara ikiiva, sumbufu kwenye joto

Ukitaka kumfinyangia mtu tembo wa sentimita 5 wa kuweka mezani, aina ya udongo wa polima (plastiki laini ya kufinyanga inayokazwa kwa kuokwa) ndiyo inayoamua kama mkonga utafika salama au utakatikia njiani. Sculpey Premo, ya kampuni ya Polyform Products ya Marekani, inafika. Ikiiva vizuri, kipande chembamba cha milimita 2 hupinda kidogo badala ya kukatika. Sculpey ya kawaida, ile nyeupe ya boksi, inafinyangika kirahisi lakini masikio na mkia huvunjika upesi. Hiyo waachie watoto wajifunzie.

Pakiti ya gramu 57 inamtosha tembo mmoja, mradi ndani uweke foili, ile karatasi ya alumini ya jikoni. Iviringishe iwe tonge gumu la sentimita 2, ibonyeze isibaki na uwazi, kisha ivike udongo wa unene wa milimita 6. Faida si kubana matumizi tu. Mwili wa udongo mtupu huiva nje kabla ya ndani, na nyufa huanzia hapo. Hewa ikibanwa kati ya foili na udongo nayo hutanuka ndani ya oveni na kupasua tumbo.

Kasoro ya Premo ni ulaini. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, viganja vikishapata joto, udongo unalegea, masikio yanainama na kila unaposhika panabaki alama ya kidole. Unyooshe uwe bapa, uubane kati ya karatasi mbili nyeupe chini ya kitabu kwa saa chache. Karatasi zitafyonza sehemu ya mafuta yanayoulainisha. Usizidishe, maana ukikauka mno utakuwa unamomonyoka. Fimo Professional ya Staedtler, Ujerumani, ni ngumu zaidi na inashika vizuri mikunjo ya ngozi ya mkonga, ila kuikanda kunachosha mikono. Vyovyote vile, kanda hadi ukikunja kipande ukingo usipasuke.

Mkonga uwe na unene wa milimita 8 kwenye mzizi na 4 kwenye ncha, na ncha iguse kifua. Mkonga unaoning'inia hewani ndio wa kwanza kuvunjika. Mkia nao ulaze ubavuni. Masikio ya milimita 3 usiyabandike kwa kubonyeza tu: kwaruza pande zote mbili kwa kijiti cha meno, paka tone la udongo wa maji wa polima, ndipo uyagandamize. Macho yawe shanga nyeusi za kioo, kwani za plastiki huyeyuka. Vumbi na nyuzi kwenye rangi nyepesi zitoe kwa pamba yenye spiriti kabla ya kuoka.

Oka kwa nyuzi 130, dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Kwa tembo huyu, ambaye kichwa chake hakina foili, ni saa nzima. Usiamini namba iliyo kwenye swichi ya oveni. Nunua kipimajoto cha oveni, maana oveni ndogo za umeme hupanda na kushuka sana. Mweke juu ya karatasi, kwa sababu kigae kitupu huacha doa linalong'aa chini ya miguu, kisha mfunike kwa foili asibabuke. Joto likivuka 175 udongo huungua na kutoa gesi inayowasha macho na koo: zima, fungua madirisha, toka nje. Tanuri la mkaa halifai kwa kuwa joto lake halitulii, na maikrowevu usijaribu kabisa.

Pembeni yake oka ukanda wa udongo wa milimita 2. Ukipoa, ukunje. Ukikatika, tembo hajaiva. Mrudishe dakika 30 nyingine, haimdhuru.

Alama za vidole zilizobaki sugua kwa msasa wa maji namba 400 kisha 600. Rangi za akriliki zinashika vizuri. Rangi ya kucha na vanishi nyingi za kupuliza hubaki zinanata, na zawadi itaokota vumbi la nyumba nzima. Udongo uliobaki ufunge kwenye mfuko wa nailoni, usiuweke kwenye vikopo vigumu angavu vya polistirini, kwa sababu mafuta yake hula plastiki hiyo. Ukinunua pakiti nyingine, ibonyeze kwa kidole gumba kwanza: ikiwa ngumu kama kipande cha sabuni, imekaa juani na imeanza kuiva dukani.