Roshani yangu ya Michenzani

Majumba haya ya Unguja tuliyojengewa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yana saruji tele, udongo hamna. Nikamwita kijana wa kitalu cha njiani anipandie roshani, ghorofa ya nne. Udongo mtupu ukirowa ni mzito, kwa hiyo aliuchanganya na vumbi la makumbi ya nazi: jepesi, na linashika maji. Akapanda mrehani, mchaichai, na asumini akaipandisha kwenye kamba za usumba. Jua la alasiri sasa haliingii moja kwa moja, na wifi yangu haishi kuja kuomba maua ya kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake.

Ila visahani vya chini ya ndoo alivisahau! Maji yakamchirizikia bibi wa chini, kanga zake kaanika. Maneno niliyapata mimi. Siku ya tatu kijana akavileta, hakunidai. Mpapai alionisifia umeshakauka kwa upepo wa kusi.