Maabara niliyopimia kemikali za kuzuia moto kwenye samaki, nawapa nyota tatu na nusu

Nimechelewa kuandika hii ila najua kuna wenzangu wa masters wanahangaika pa kupeleka sampuli. Mimi nilikuwa na sangara na sato wa Ziwa Victoria, wengi nimewanunua soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, natafuta PBDE, yale makemikali yaliyokuwa yanawekwa kwenye sponji za masofa na plastiki za TV na kompyuta zisishike moto haraka. Maabara ni ya nje ya nchi, jina naliacha.

Maelekezo yao safi sana. Kabla hata sijalipa wakaniambia minofu ifungwe kwenye foili iliyosuuzwa na asetoni, igandishwe, na nisikatie samaki kwenye chumba chenye makompyuta. Nikacheka, samaki na kompyuta wapi na wapi? Kumbe vumbi la ofisini lenyewe lina hizo kemikali, hasa BDE-209 (mojawapo ya hizo PBDE), likidondokea kwenye sampuli unaweza kuapa imetoka ziwani. Ndo maana wanapitisha blanki, yaani hatua zote zilezile ila samaki hamna, na majibu ya blanki nilipewa bila kuomba. Hapo nawapa mia kwa mia.

Shida ripoti sasa. Majibu yamekuja kwa nanogramu kwa gramu ya samaki mbichi, asilimia ya mafuta haipo! PBDE zinakaa kwenye mafuta jamani, sasa sangara mnono na sato mkavu nitawalinganishaje? Nikaandika imeili ya kwanza, ya pili, ya tatu ndo wananijibu eti hiyo ni huduma ya ziada, wakati mafuta walishayatoa wenyewe kwa heksani (kiyeyushi cha mafuta), kilichobaki ni mzani tu. Nikalipa roho inauma.

Halafu sato kadhaa wameandikiwa "haijaonekana", msije mkaisoma kama sifuri. Kiwango cha Umoja wa Ulaya kwenye samaki kilichowekwa 2013 (cha ubora wa mazingira ya maji, sio cha chakula sokoni) ni 0.0085 nanogramu kwa gramu, tena hapo umeshajumlisha aina sita za PBDE, na mashine yao haishuki mpaka huko. Ulizeni kikomo cha kupima, yaani kiasi kidogo kabisa mashine inachoweza kuona, kabla hamjatoa hela, mi sikuuliza.

Kwenye friza nina sangara wengine na nitawapeleka kwao haohao, ila safari hii asilimia ya mafuta inaandikwa kwenye invoisi kabla sijatuma hata senti.