Noti nne za senti za Toleo 681: bei nafuu, lakini zikague

Anayeanza kukusanya noti maalumu (MPC) walizolipwa wanajeshi wa Marekani ng'ambo badala ya dola za kawaida, aanze na noti za senti za Toleo 681: 5, 10, 25 na 50. Ni karatasi ndogo, kama sentimita 11 kwa 5.5; mbele nyambizi, nyuma mwanaanga anayeelea nje ya chombo. Zilitumika Vietnam tangu 11 Agosti 1969 hadi 7 Oktoba 1970.

Unafuu wake una sababu. Matoleo yalibadilishwa ghafla ili kuwakomoa walanguzi: kambi inafungwa, askari anakabidhi za zamani na kupewa mpya siku hiyohiyo, na kuanzia hapo za zamani hazinunui hata kiberiti. Senti 5 askari aliweza kuiacha mfukoni iwe ukumbusho. Dola 20 nani angeiacha? Ndiyo maana noti kubwa za toleo hilihili ni adimu, hasa zisizo na mikunjo, na senti zimejaa sokoni.

Aliyezoea dola za kawaida atazishuku bure, kwa kuwa wino wake haujainuka. Zilichapwa kwa litografia, kwa hiyo ukipitisha kidole utahisi uso laini. Pima uhalisi wake kwenye karatasi yenyewe: ina vidoto vya rangi vilivyochanganywa humo wakati wa kuitengeneza, tena vimetawanyika ovyo. Chukua lenzi inayokuza mara 10. Kidoto halisi kina ukingo wake na kimezama kwenye karatasi. Cha kughushi ni wino tu juu ya uso. Nakala ya printa ya wino huonyesha pia mistari iliyovunjikavunjika kuwa nukta.

Halafu soma namba. Noti ya kawaida ina herufi mwanzo na mwisho wa namba. Isiyo na herufi ya mwisho ni noti ya badala, iliyowekwa mahali pa iliyoharibika kiwandani, na thamani yake ni kubwa zaidi. Wauzaji wa mafungu huipita bila kuitambua mara kwa mara, kwa hiyo usione uvivu kusoma zote nne.

Kasoro ya seti za noti nne zinazouzwa pamoja ni kuchanganywa: tatu safi kabisa, ya nne imekunjwa katikati kisha ikapigwa pasi, na bei yote ni ya noti mpya. Omba picha ya kila noti pande zote mbili, na nyingine ikiwa imeinuliwa mbele ya taa. Mkunjo uliopigwa pasi hubaki kama mstari hafifu, na karatasi hung'aa isivyo kawaida huku ikilegea mkononi. Tundu la pini nalo huonekana hapohapo.

Zikifika, zitoe kwenye mifuko ya PVC iliyokuja nazo, maana plastiki hiyo hutoa mafuta yanayonata na kuacha madoa. Weka kila moja katika mfuko wa plastiki ya polista, bila gundi wala selotepu.