Metali ya maji kama grisi: kwa weldingi nzuri sana, kwa injini ya boda msijaribu

Nlichukua hii sindano duka moja la spea upande wa Mwembe Tayari hapa Mombasa, ni metali ya maji, mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati, ukiiona utadhani ni zebaki lakini si zebaki na haina ile sumu yake. Muuzaji akaniambia ati ni oili ya kisasa, tia kwa injini yoyote, pikipiki, tuktuk, pampu ya maji, vyuma havitalika tena. Hilo la injini nalipinga kabisa na ntaeleza, lakini kitu chenyewe ni kizuri sana ukijua pa kukiweka, mimi nimekiweka kwa kazi ya weldingi na sina mpango wa kukitoa.

Kazi yangu ni mabomba. Bomba likizungushwa huku unachoma, ule umeme wa mashini lazima urudi kupitia kitu kinachozunguka, na ukipitia kwa beringi basi beringi imekwisha, inatoboka toboka ndani inaanza kupiga kelele. Grisi ya kawaida haisaidii hapo kwasababu inazuia umeme, unapita kwa kuruka cheche. Sasa nikachonga kikombe cha stili na shafti ya stili, nafasi kati yao ndogo sana, nikatia hii metali ndani, waya wa arthi ukafungwa kwa kikombe. Shafti inazunguka laini, umeme unapita kwa metali yenyewe, beringi zimebaki pembeni zinabeba uzito tu. Cheche hakuna, joto kidogo sana, na moto wa weldingi umetulia, hauyumbi vile ulivyokuwa kwa brashi za kaboni, vile vipande vinavyogusa shafti kupitisha umeme.

Na hii si kitu cha kubuniwa juzi. Mashini za eksirei na CT scan ndani ya ile tyubu kuna sahani inazunguka kwa kasi, imepata moto mkali, na humo ndani hamna hewa kabisa. Ukitia oili itageuka mvuke iharibu tyubu yote. Philips walitoa tyubu yenye beringi ya metali ya maji mwaka 1989, galiamu inafanya kazi mbili pamoja, inabeba shafti na inatoa joto nje, na haina kelele za gololi. Lakini zile shafti zao ni za molibdenamu na metali ngumu kama hizo, kwasababu galiamu ikipata moto inakula metali nyingi.

Hapo ndo naja kwa boda na tuktuk. Injini zao zimejaa alumini, pistoni, kreki kesi, mpaka hedi. Nlichukua kipande chembamba cha fremu ya dirisha, nikakwaruza na msasa ile ngozi ya juu itoke, nikaweka tone moja tu nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikakivunja kwa vidole kama biskuti, na ndani rangi ya kijivu, chembechembe. Galiamu inaingia katikati ya punje za alumini na nguvu yote inaisha, na kwa juu usingeona chochote. Sasa fikiria hiyo ni pistoni na mtu yuko juu ya daraja la Nyali na abiria. Jamani muuzaji anayesema tia injini yoyote anahatarisha watu, naomba mafundi wenzangu mwambieni mteja ukweli hata kama ameshanunua.

Shida nyingine ni hewa. Ikikutana nayo tu inafanya utando juu, ukizungusha kikombe kikiwa wazi unapata uji wa kijivu unaokwaruza badala ya kulainisha, kwahivo funga na oringi, ile raba ya duara ya kuziba, mdomo wote. Vaa glavu, vua pete ya dhahabu, inashika kila kitu na kusugua ndo unaipaka zaidi.

Bei ni ya juu, kwa pesa ya sindano ya gramu moja unapata kopo zima la grisi na chenji inabaki, na gramu moja ni tone dogo mno kwasababu hii kitu ni nzito, zaidi ya mara sita ya maji. Pia angalia wasikuuzie galiamu tupu kwa jina hilohilo, hiyo inaganda chini ya nyuzi 29.76, yaani mchana wa Mombasa ni maji na ukiingia chumba cha eisii inakuwa jiwe, tena ikiganda inavimba inaweza kupasua chupa.

Wenye ndugu Dubai msiwaambie wawabebee kwa begi, galiamu imewekwa kundi la vitu vinavyokula metali na ndege mwili wake ni alumini. Nyota nne kwa weldingi. Kwa injini sitoi hata moja.