Kutoa Honda S660 kwa Shirika la Hisani Nakuru: Tathmini ya Huduma

Mkaazi wa Nakuru anayetaka kulisaidia shirika la hisani kwa gari kwa kawaida hutoa Probox au Noah iliyokwisha kumtumikia miaka mingi, na anayepokea hushukuru bila maswali kwa sababu gari la namna hiyo lina kazi siku hiyo hiyo. Mimi nilitoa Honda S660, gari dogo la michezo lenye viti viwili, lililoagizwa kutoka Japani likiwa limetumika. Lilipokewa na shirika moja la hapa Nakuru ambalo lina makao ya watoto pamoja na karakana inayofundisha vijana umekanika. Ninachotathmini hapa ni huduma ya shirika hilo ya kupokea magari, lakini sina budi kulieleza gari lenyewe kwanza, kwa kuwa ndilo lililoipima huduma hiyo.

S660 ilitengenezwa kuanzia mwaka wa 2015 hadi 2022. Iko katika kundi la magari madogo ambayo Wajapani huyaita kei, na ambayo sheria yao huyawekea mipaka: urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48, na injini isizidi sisi (cc) 660. Injini yake ya sisi 658 imewekwa nyuma ya viti, ina turbo, yaani kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, na hutoa nguvu farasi 64. Hizo ni chache, ila gari lenye gia za mkono lina uzito wa kilo 830 tu, na katika mwinuko wa Nakuru, unaopita mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, turbo hiyo hufidia wepesi wa hewa, hivi kwamba mlima wa kuelekea Menengai hupandwa pasipo gari kulalamika. Kwa raha ya kuendesha sijakutana na gari la bei hiyo linaloikaribia.

Kwa matumizi ya makao ya watoto, hata hivyo, gari hili halifai hata kidogo. Hubeba abiria mmoja tu. Paa lake ni la turubai, hukunjwa kwa mkono na kuwekwa kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti, na kwa kuwa kisanduku hicho ndiyo nafasi pekee ya mizigo inayostahili kutajwa, dereva anayetaka kufungua paa hana budi kuacha mzigo nyumbani. Magurudumu ya mbele ni ya inchi 15 na ya nyuma ni ya inchi 16, kwa hiyo hayabadilishani nafasi, na gari halina gurudumu la akiba bali kifaa cha kuziba pancha. Yeyote anayeyajua matuta ya barabara za mitaani kwetu atafahamu pia maana ya sakafu iliyo chini kiasi kile.

Hapo ndipo shirika liliponipendeza. Msimamizi alikuja na fundi wake, fundi akalala chini akakagua, na baada ya mashauriano mafupi msimamizi akaniambia, "Ndugu, watoto hawatapanda hili, na gunia la unga halitaingia. Ukikubali tuliuze, tutalipokea kwa shukrani. Ukitaka tulitumie, afadhali ubaki nalo." Najua watoaji ambao wangeudhika kuambiwa hivyo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo la maana kuliko yote katika huduma nzima, kwa kuwa shirika linalopokea kila kitu kwa makofi huishia na ua uliojaa magari yaliyokaa juu ya mawe, huku bima na spea za kuagizwa Japani zikila fedha zilizokusudiwa karo.

Uamuzi wa kuuza ulikuwa na mantiki ya soko pia. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na ndiyo maana Honda Beat, kitangulizi cha S660 kilichotoka mwaka wa 1991, hakiwezi kuagizwa leo kwa njia ya kawaida. S660 nazo zitafungiwa mlango kufikia mwaka wa 2030 hivi, na zilizokwisha kuingia nchini zitazidi kuwa adimu. Wanunuzi wake ni wachache lakini wana hamu, na wengi wako Nairobi.

Kuhusu makaratasi sina malalamiko. Shirika lilinionyesha cheti chake cha usajili bila kuombwa mara ya pili, nalo lilikuwa linajua kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka wa 2013 ilianza kutumika Mei 2024. Uhamisho wa umiliki ulifanyika kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: mimi niliuanzisha, nao wakauthibitisha kwa akaunti na PIN (nambari ya mlipakodi) ya shirika, si ya mkurugenzi. Sisitiza hilo hata ukiambiwa kwamba jina la mtu binafsi litaharakisha mambo. Barua ya kupokea ilitaja nambari ya chesisi, ambayo kwa S660 huanza na JW5, nambari ya injini, na kasoro zote alizoziona fundi. Bima niliisimamisha mwenyewe baada ya umiliki kuhama.

Kabla ya mauzo, mwalimu wa karakana aliomba vijana walichunguze gari, kwa kuwa injini iliyo nyuma ya viti hawaikuti kwenye Vitz na Fielder wanazozizoea. Nilikubali kwa sharti la maandishi kwamba chochote kitakachofunguliwa kitarudishwa mahali pake, na sharti hilo liliheshimiwa.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotelea mahali pawili. Gari liliegeshwa uani bila kifuniko, na turubai la paa haliwezi kuvumilia jua la mchana, vumbi na mvua za jioni za hapa kwa muda mrefu. Pili, taarifa ya mauzo ilichelewa, na ilipofika ilikuwa na bei peke yake, bila kueleza dalali alilipwa kiasi gani wala kilichobaki kilitumiwaje. Nilipouliza nilipewa maelezo kamili na risiti zake, lakini mtoaji hapaswi kuyaomba; yaandikwe kwenye barua ile ile ya bei.