Kamera ya kuangalia nyumba ukisafiri: uliza volti kabla ya bei

Desemba iliyopita tulipanda Rombo kula Krismasi kama kila mwaka, nyumba ya Mbezi tukaiacha na kamera mpya niliyonunua Kariakoo wiki moja kabla, muuzaji kaniapia kabisa, "dada hii ina betri ndani, umeme ukikata haina shida". Tarehe 26 usiku nafungua simu, kamera haipo hewani. Siku tisa sijui kama nimevunjiwa au vipi, jirani nampigia mpaka naona aibu, na yeye anaona geti tu. Tunarudi tunakuta units za LUKU zimeisha, nyama ya kwenye friji imeoza yote, na ile kamera nilifungua skrubu mwenyewe, hakuna betri humo ndani.

Kwa hiyo mambo ya mapikseli na kuona usiku siyaongelei, hizi za siku hizi karibu zote zinaona vizuri tu. Mimi nauliza kitu kimoja ambacho sijaona mtu anakiuliza: adapta yake inatoa volti ngapi? Igeuze usome pale kwenye maandishi madogo, Output. Ikiwa 5V maana yake kamera inakula umeme uleule wa kuchajia simu, unaichomeka kwenye pawabenki na umeme ukikatika inaendelea. Ikiwa 9V au 12V pawabenki ya kawaida haiiwashi, na hapo ndipo wengi mnaponasa.

Namba moja kwangu ni Ezviz C6N na sifichi, naipenda. Adapta yake ni 5V, waya wake ni ule wa simu za zamani, inazunguka, inarekodi kwenye memori kadi yake yenyewe hata intaneti ikikata. Kwa juu kabisa inakula wati 5, sasa pawabenki ya 20,000mAh inakufikisha asubuhi bila wasiwasi. Ila chukua pawabenki inayoweza kuchajiwa huku inatoa umeme, kuna nyingine ukizichomeka ukutani zinaacha kutoa. Na ile stika ya chini ya kamera ipige picha, ina msimbo wa herufi utakaoulizwa siku ukibadilisha simu. Ya mtumba usinunue kama mwenyewe wa kwanza hajaitoa kwenye akaunti yake, haitaingia kwako.

Ya pili Tapo C200 ya TP-Link. Programu yake ni nyepesi na inaeleweka kuliko zote, mama yangu anaifungua mwenyewe. Lakini ni 9V, kwa hiyo nunua UPS ndogo, kile kiboksi cha betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, yenye matundu ya 9V na 12V, moja unalisha kamera moja rauta. Maana hili nalo watu wanasahau, kamera iwe hai halafu rauta imezima, utaangalia nini? Rauta nyingi ni 12V, UPS ndogo inazibeba masaa matatu manne hivi.

Ya tatu, kama huna waifai au unalinda kiwanja, kamera ya laini ya simu yenye sola. Bando tu ndo linauma, ukiangalia moja kwa moja kwa 1Mbps saa moja inakula kama MB 450, kwa hiyo chungulia ufunge.

Xiaomi ya 2K nayo ni 5V, nzuri, ila boksi likiwa la Kichina chote iache, hiyo ni ya soko la China na kuiunganisha huku utahangaika.

Kamera za balbu sina mengi. Ni za skrubu na holda zetu nyingi ni za pini, mtu akizima swichi ya taa na kamera imekufa, umeme ukirudi nyingine zinawaka kabla rauta haijakaa sawa zinakata tamaa hapohapo, saa inarudi 1970 na video huzioni tena zilipo. Yangu ilikuwa hivyohivyo, elfu 45 imeenda.

Na nyie wauzaji wa Instagram, kwa nini bei mpaka "njoo inboksi"? Nimeuliza kamera moja kwa akaunti mbili tofauti siku moja, muuzaji yuleyule, bei mbili, na picha ya profaili yenye gari ndo ilipewa bei kubwa. Halafu ukiomba picha ya adapta unajibiwa "ni orijino dada". Sikuuliza uorijino, nimeuliza volti. Kuna duka jingine walinipa C6N ina adapta ya kuokoteza isiyo na maandishi kabisa, ile yenyewe wameificha, nikagoma kulipa mpaka wakaitoa kwenye droo. Mnaonunua wiki hii fungueni boksi palepale kaunta, adapta mkononi, ndipo mtoe hela.