Mayai ya artemia ya kupimiwa: nyota mbili, na sababu zangu

Kimfuko cha gramu 20, shilingi 500, kutoka duka moja la vifaa vya samaki hapa Kisumu. Mayai ya artemia, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi, yamechotwa kwenye kopo kubwa na plastiki kufungwa kwa moto wa mshumaa. Kwa macho, utadhani ni unga wa wimbi.

Nilikuwa na watoto wa mumi wa siku tatu. Kiini cha tumboni kimewaishia, na chakula cha unga hawakitaki. Wanataka kitu kinachochezacheza mbele yao.

Ninatotolea kwenye chupa ya soda ya lita mbili niliyoikata kitako na kuigeuza kichwa chini, mrija wa hewa ukishuka hadi shingoni. Maji lita moja yaliyolala wazi usiku kucha klorini itoke, chumvi gramu 30 (pima kwa mizani, kijiko kinadanganya), mayai gramu 2, balbu kando. Joto la Kisumu latosha. Dada yangu aliye Nakuru huiweka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, baridi ya huko usiku si mchezo.

Baada ya saa 24 nilitazamia wingu la rangi ya chungwa. Nikapata wa kuhesabika, mayai mengine yametuama chini mazima. Nikarudi dukani.

"Mama, labda ni maji yako."

Huenda, kwani stima ilipotea usiku karibu saa nzima. Nikamwambia, "Sawa kijana wangu, nifungulie kopo jipya nikiona." Nyumbani nikapanga chupa mbili, maji yale yale, chumvi ile ile. Kesho yake ya kopo jipya imechafuka kwa uhai. Ya kimfuko, wa kuhesabika tu kama mwanzo.

Mayai haya hudumu sana yakiwa makavu. Lakini kopo likifunuliwa kwa kila mteja, unyevu wa ziwa unaingia.

Yakitotoka, zima hewa dakika kumi, maganda yaelee. Mulika tochi chini, wanaufuata mwanga. Wavute kwa mrija, chuja kwa leso kuukuu, suuza chumvi, lisha papo hapo. Ukingoja hadi jioni watakuwa wamejila akiba yao. Mumi wangu walikula hadi matumbo yakaonekana ya chungwa.

Kopo zima la gramu 425 ni ghali, kwa hiyo tumechanga watatu tukagawana kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vya kubana. Yangu iko ndani ya friji, na nimeiandika kwa herufi kubwa: SI WIMBI.